Saa Iliyosogezwa Dublin

Keziah alikuwa ameipiga hesabu hiyo mara kumi, na mara zote kumi ilitoka sawa. Watu wa nyumba ya wazee kule Dublin, Ayalandi, walimwandikia kwamba watamhoji kwa video, kwa kazi ya kutunza wazee, Jumatatu, saa nne asubuhi, saa za kwao. Josphat, binamu yake ambaye ni dereva Riyadh, akamhakikishia kuwa Ayalandi wako nyuma yetu saa tatu. Basi saa nne yao ni saa saba yetu mchana. Na katika nyumba hii ya Ruwais, Jeddah, saa saba mchana ndiyo saa pekee anayoruhusiwa kushika simu yake, madam akiwa amejilaza. Saa nyingine zote simu hukaa kwenye droo ya madam, imefungiwa. Angehojiwa kimyakimya na asijue mtu.

Jumatatu saa nne asubuhi, saa za Jeddah, Keziah akiwa anapiga pasi sebuleni, Rakan akampigia madam simu. Rakan ni mwana wa madam, anasomea udaktari hukohuko Dublin, na kila siku humpigia mama yake saa tano kamili kabla ya kwenda darasani. Leo kapiga saa nne.

"Rakan anaumwa?" Keziah akamuuliza madam walipomaliza kuongea.

"Mafi, haumwi. Jana wamesogeza saa mbele. Kwao summer imeanza."

"Nani kasogeza, madam?"

"Serikali. Ilianza zamani za vita kuu, watu waamke na jua wasimalize makaa ya mawe. Vita vikaisha, saa wakaendelea kuzichezea."

Keziah alitaka kucheka, akashindwa. Jamani, watu wazima na akili zao wanaiambia saa saba ya usiku kwamba wewe sasa ni saa nane, nayo inakubali? Kwao Nyahururu, kwenye mstari wa ikweta, jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, halina habari na serikali yoyote. Josphat naye ni wa hukohuko. Nani kati yao angewaza kuuliza kama saa huhama? Tena wanaihamisha kwa ajili ya kiangazi, kitu ambacho hapa Jeddah watu hujifungia ndani wakikikimbia!

Akahesabu upya kwa vidole. Si tatu tena, ni mbili. Mahojiano ni saa sita, na saa sita madam yuko macho kabisa.

Saa tano ikapita, vitunguu vikamkatikia vibaya. Aseme mama yake ni mgonjwa? Madam ana namba ya Josphat, angempigia kuuliza. Aache? Roho ilikataa. Mkataba wake unaisha mwezi wa tano, na madam ameshasema ataongeza ikama, kibali chake cha kukaa, miaka miwili, bila kumuuliza mwenyewe. Lakini akikasirika leo, kesho anaweza kumrudisha kwa wakala, na akose huku na huko.

Saa sita kasoro dakika kumi akanawa mikono, akaenda.

"Madam, naomba simu."

"Sasa? Saa yako bado."

"Nahojiwa kazi," Keziah akasema, na ukweli ulivyomtoka ulimshtua mwenyewe. "Dublin. Saa sita."

Madam akafungua droo, akampa simu. Keziah hakujua kama ni wema au ni hasira.

Akaingia jikoni. Mama mmoja wa miwani akatokea kwenye kioo cha simu, akamuuliza kwa Kiingereza kuhusu kutunza wazee. Hapo Keziah hakubabaika: alimuuguza mama mzazi wa madam kule Riyadh miaka miwili, akamwogesha na kumlisha mpaka siku aliyofariki.

"Na kwa nini unataka kuacha kazi uliyonayo?"

Madam alikuwa amesimama mlangoni. Kiingereza anakijua kuliko Keziah.

"Nataka kazi yenye saa ya kumaliza," Keziah akasema. "Hapa siku yangu haiishi mpaka mtu mwingine aseme imeisha."

Yule mama wa miwani aliandika, akainua kichwa.

"Unaweza kuanza lini?"

Keziah aligeuka akamtazama madam machoni, kama alivyozoea kabla ya kujibu chochote. Halafu akarudisha uso kwenye simu.

"Mwezi wa sita," akasema.