Uwanja wa Guangzhou kwa Maelezo ya Kidawa

Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, Kidawa binti Faki alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati wakati kiyoyozi cha majlisi kilipotangaza jina lake. Kilitangaza kwanza kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti ya mwanamke mpole aliyekwisha kuchoka na bado ana kazi mbele yake. Bi Umkulthum, mwenye nyumba, aliyekuwa amejilaza ubavu akitazama televisheni, alichukua rimoti akaongeza sauti.

"Dada Kidawa," Shahad, mjukuu wa nyumba, alisema kutoka ngazini, "wanakuita tena. Dar es Salaam. Mlango inafunga, wanasema."

"Nasikia, mwanangu," Kidawa alijibu, akaongeza maji kidogo kwenye unga.

Ulikuwa mwezi wa tano tangu kiyoyozi kianze kumwita. Nyumba hiyo ipo Firq, nje kidogo ya Nizwa, nyuma ya karakana za magari, na watu wa mtaa ule wamezoea kelele. Fundi aliitwa mara moja. Akafungua kifuniko, akasafisha vumbi, akasikiliza tangazo mpaka mwisho, akasema gesi iko sawa.

Kosa lilikuwa la Bi Umkulthum, na mwenyewe hakulikataa. Alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Oman akiwa tayari mke wa mtu, na katika alivyokuja navyo ni Kiswahili chake na ada yake ya safari. Msafiri wa nyumba yake hatoki bila kufukizwa. Nguo zake, kilemba chake na pasipoti yake hupitishwa juu ya chetezo cha ubani, Bibi anasoma dua ya safari, na kuomba wenye vitu hivyo wafikishwe salama. Basi mwanawe Hilali, muuza taa, alipokuwa anakwenda Guangzhou kununua mali, Bibi alifungua sanduku lake la mbao lenye njumu za shaba akatoa bunda la pasipoti lililofungwa kwa mpira. Zilikuwa tatu: ya Hilali, ya marehemu Nabhan, mumewe, aliyefariki miaka kumi na mmoja nyuma na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa, na ya Kidawa, iliyowekwa humo siku aliyoingia nyumbani, kwa amana. Gari lilikuwa nje linapiga honi. Bibi hakufungua mpira. Akazifukiza zote tatu kwa pamoja, akaziombea zote tatu.

Dua ya Bibi ilikuwa ya kweli, na wote watatu wakafika.

Tangu siku ile Kidawa alikuwa mahali pawili kila alasiri. Alikuwa jikoni Firq, na alikuwa amesimama uwanja wa ndege wa Guangzhou, kando ya nguzo iliyo karibu na mashine ya maji ya moto, amevaa kanga yake na ndala. Jambo lenyewe halikumletea taabu kubwa, ila miguu ilimuuma kwa ajili ya vigae, na mara mbili aliunguza mchuzi. Marehemu Nabhan alikaa kwenye benchi la jirani na bakora yake. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, hivyo maofisa walimwacha akae tu. Alilalamika kwamba chai ya pale haina tangawizi.

Kidawa hakuwa mtu wa kusimama bure. Katika wiki ya kwanza aliujua ukumbi wa kushukia, katika wiki ya pili ghorofa zote, na kabla ya mwezi kwisha Hilali alikuwa amewasimulia wenzake sokoni Nizwa kwamba mtumishi wake anaujua uwanja ule kuliko yeye aliyekwenda mara kumi na nne. Watu wakaanza kuja. Bader, muuza matairi, alitoka Ibra na mkungu wa tende. Bi Wadha, wa vitambaa vya abaya, alitoka Sur na papa mkavu. Wanaume walikaa majlisini wakanywa kahawa, Kidawa akasimama nyuma ya mlango na kuwaeleza.

"Ukishuka usiwafuate watu," aliwaambia. "Wengine wanakwenda kupanda ndege nyingine, utajikuta umefika nao. Tazama juu, ufuate alama. Kabla ya foleni kuna mashine za vidole. Mwenye hina mpya afute mafuta, mashine haimsomi. Kadi ya kuingilia ijazwe kwa kalamu, na kalamu uje nayo, za pale zimefungwa uzi na wino hazina. Betri ya kuchajia simu uishike mkononi, usiitie sandukuni, watakuita jina. Maji ya moto yapo bure. Ya baridi usihangaike nayo. Na simu yako itakuwa bubu, hiyo WhatsApp haifunguki. Waage watu wako kabla hujapanda."

Walikwenda, wakarudi, wakasema kila kitu kilikuwa kama alivyosema. Bi Wadha alisema alimwona pale kwenye nguzo, wakaamkiana, na Kidawa akamshikia mkoba alipokwenda chooni.

Kitu kimoja tu hakikuwamo katika maelezo yake. Lango la ndege ya Dar es Salaam alilijua lilipo. Alilifikia kila alasiri, jina lake likiitwa. Binti mmoja wa Kichina mwenye skafu shingoni alikuwa na kadi yake ya kupandia, imeshachapwa, kiti cha dirishani. Kila alasiri binti yule alimwomba pasipoti, kwa adabu, na kila alasiri Kidawa alimwonyesha mikono yake yenye unga.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha tangu Mfunguo Mosi. Wakati huo alimwendea Bi Umkulthum akakaa chini zuliani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Una nini?"

"Mamangu hawezi, Bibi. Kalala kule Wete, hainuki. Kila nikipiga simu dada yangu Hafidha ananambia mama auliza siku tu. Naomba paspoti yangu nende nikamwone."

Bi Umkulthum alimhurumia kwa dhati, maana yeye mamake alizikwa Unguja hali yeye yuko Nizwa na mtoto mchanga. "Maskini ya Mungu. Paspoti yako ipo, wallahi, amana haipotei kwangu mie. Lakini goti langu hili waliona. Baada ya operesheni, inshallah."

Baada ya goti ikawa baada ya harusi ya binamu wa Shahad kule Manah. Baada ya harusi ikawa baada ya mvua, kwa sababu wadi, ule mto wa bondeni, ilifurika na barabara ya Maskati haikuaminika. Ufunguo wa sanduku ulining'inia shingoni mwa Bibi, ndani ya nguo, na alipoinama kusali uligonga sakafu.

Kidawa alifunga mzigo wake hata hivyo. Ulikuwa begi jekundu: doti mbili za kanga, mafuta ya kuchulia miguu, chupa ya chai, kopo la halwa. Aliliweka chini ya kitanda. Siku moja aliinama kufagia akakuta halipo, na alasiri ile binti mwenye skafu akampa kipande cha karatasi cha kuonyesha kwamba mzigo umekwisha pokelewa. Kidawa alifurahi. Alimpigia Hafidha akamwambia mzigo umetangulia.

Mwisho wa Rajabu matangazo yalibadilika. Zamani lilikuwa moja kila alasiri, sasa yakawa matatu, na yule mwanamke mpole hakuwa mpole tena. Taa za majlisi zilififia kila jina la Kidawa lilipotajwa. Paka wa nyumba alihamia kwa jirani. Shahad alianza kusomea chumbani na vifaa vya masikioni. Bi Umkulthum alimwambia Kidawa, bila hasira, awe anafunga mlango wa jikoni wakati huo, kana kwamba sauti ilikuwa ikitoka kwenye sufuria.

Ulipoingia mwezi wa Shaabani, Hilali akasafiri tena. Bibi alifungua sanduku, akatoa bunda, akafungua mpira vizuri mara hii. Lakini ubani wa safari iliyopita ulikuwa umeyeyuka kwa joto la sandukuni na kuganda, na zile pasipoti tatu zilikuwa zimenatana majalada. Bibi alijaribu kwa ukucha, akaogopa kuchana. Gari lilikuwa nje linapiga honi.

"Zichukue hivyo hivyo," alimwambia mwanawe. "Wao wana vyombo vyao, watazibandua. Lakini uniregeshee zote. Amana hizo."

Hilali alifika Guangzhou siku ya pili, saa ambayo Firq ni alasiri. Hakuwafuata watu. Alitazama juu, akafuata alama, akapita mashine ya vidole, akajaza kadi kwa kalamu yake mwenyewe. Ofisa kijana alizichukua zile pasipoti tatu, akaingiza kisu chembamba cha kufungulia bahasha, akazibandua bila kuchana ukurasa. Akaigonga muhuri ile ya Hilali, akamrudishia zote.

Kwenye nguzo karibu na maji ya moto Hilali alimkuta babake. Akambusu kipaji, akambusu mkono.

"Waonaje hali, baba?"

"Alhamdulillahi," alisema Nabhan. "Chai yao mbovu."

Kidawa alikuwa amesimama hapo, na Firq wakati huohuo alikuwa akimenya vitunguu. Kipaza sauti kilikuwa kinaita jina lake, kwa mara ya mwisho, wakasema hivyo. Lango lilikuwa hatua chache tu nyuma yake na binti mwenye skafu amesimama nje akitazama saa. Pasipoti ya Kidawa ilikuwa mkononi mwa Hilali, imefunguka, na picha yake ya miaka mitatu nyuma ikitazama juu.

Kidawa akanyoosha mkono.

"Hiyo ni yangu, Baba," alimwambia Hilali. "Nipe tu nipite. Mamangu hana siku nyingi."

"Mpe mwana wa watu kitu chake, Hilali," alisema marehemu.

Hilali hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimpanda mpaka masikioni. Akatazama lango, akatazama zile kurasa.

"Zeen, baba, zeen, nimesikia," alisema. "Lakini Ramadhani hiyo inaingia, Kidawa. Bibi goti lile, Shahad na imtihani. Nani atapika futari? Baada ya Idi, khalas, nakupa ahadi." Akatia pasipoti kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafunga zipu, akamuaga babake, akaenda kuchukua sanduku lake.

Binti mwenye skafu alingoja dakika moja zaidi ya inavyoruhusiwa, kisha akafunga mlango.

Jikoni Firq, Kidawa alilia, na kwa vile alikuwa kwenye vitunguu hakuna aliyemuuliza. Kiyoyozi kilitoa tangazo moja fupi, kwamba mzigo wa abiria Kidawa Faki unashushwa, kisha kikarudi kutoa baridi tu. Asubuhi yake begi jekundu lilikuwa chini ya kitanda, limelowa mvua ya huko, na lebo ya DAR mpinini imekatwa kwa mstari wa kalamu. Bi Umkulthum alimwambia alianike juani kabla halijashika uvundo.

Alhamisi Hafidha alipiga simu. Mama alikwisha zikwa.

Nyumba ile haikumtupa Kidawa, hilo lazima lisemwe. Bi Umkulthum alimkumbatia, akalia naye kwa kweli mpaka kilemba kikalowa. Hilali alirudi na zawadi, birika la umeme. Wakamsomea mamake Kidawa hitima nzuri, wanawake wa mtaa mzima wakaja, ubani ukafuka majlisini, juzuu zote thelathini zikamalizwa kabla ya magharibi. Pilau aliipika Kidawa, kwa sababu mwingine angeiharibu. Kila mtu alisema imekolea. Usiku Bibi alirudisha pasipoti tatu sandukuni, kila moja na mfuko wake wa nailoni sasa, zisinatane, akafunga.

Idi ilipita. Sasa inasemwa baada ya Hija.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa Jalan Bani Bu Hassan, Aws jina lake, anayekwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza kutafuta vipuri vya pampu. Ilikuwa alasiri. Alikaa majlisini na daftari gotini, Hilali akimimina kahawa, Kidawa amesimama nyuma ya mlango. Alimweleza habari za alama, mashine ya vidole, kalamu, betri na maji ya moto. Alimwambia awaage watu wake kabla hajapanda. Aws aliandika yote.

"Na kurudi, khale?" akauliza, akimwita mama mdogo kwa adabu. "Ukishamaliza kazi, pale langoni, unatokaje?"

Kiyoyozi kilivuma.

"Hapo sipajui, mwanangu," alisema Kidawa. "Muulize Baba. Yeye ndiye anayerudi."

Hilali aliweka kikombe chini, akamwelekeza yule kijana vizuri kabisa, hatua kwa hatua.