Barabara ya Kujifunzia Rivasi

Kazi ya itifaki ikifanywa vizuri haionekani. Mgeni rasmi anakuta kiti chake pale anapotarajia, glasi ya maji iko upande wa mkono anaoutumia, na mtu asiyempenda amekaa mbali kiasi kwamba hawalazimiki kusalimiana. Nimeifanya kazi hiyo katika ofisi ya Meya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mameya wamekuja na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyejikwaa kwenye zulia nililolitandika mimi.

Kwa hiyo Katibu wa Meya aliponiita ofisini kwake na kufunga mlango, sikushtuka. Nilidhani ni habari ya mpangilio wa meza.

"Wahandisi wamemwalika Mstahiki Meya kwenye karamu yao ya mwaka," alisema. "Na wamemwalika mchekeshaji pia."

"Najua. Ratiba wameniletea mimi."

"Mchekeshaji mwenyewe ni yule wanayemwita Kiberiti."

"Hilo pia nalijua. Ni mpwa wangu, binti wa dada yangu."

Katibu ni kijana mwerevu, mwenye tabia ya kubofyabofya kalamu anapofikiri. Alibofya.

"Basi sikiliza, mzee wangu. Amseme Meya atakavyo. Masharubu, tumbo, hotuba ndefu, ruksa. Mstahiki anapenda kuonekana mtu wa watu. Lakini daraja, hapana. Mpwa wako akilitaja daraja ukumbini, kesho yake utaniandikia barua ya kuomba kupumzika, nami nitaipokea kwa masikitiko makubwa."

Ilibaki miaka michache nistaafu kwa heshima zote. Kuondoka kwa barua ya namna hiyo ni kuondoka kwa mlango wa nyuma, na mimi ndiye ninayejua milango ya jengo lile kuliko mtu yeyote.

"Namdhamini," nilisema.

Daraja lenyewe halihitaji maelezo mengi. Lilijengwa na wakandarasi wawili, kila mmoja akianzia ukingo wake wa mto, ili kazi iishe haraka. Kila mmoja alipima kimo kwa kuanzia upande wake. Walipokaribiana katikati ya mto, ncha ya upande wa ng'ambo ilikuwa juu kuliko ya upande wetu kwa kimo cha mtu mzima. Kazi ikasimama. Ofisi yetu ikatoa taarifa kwamba mvua zimechelewesha ukamilishaji. Mwaka uliofuata taarifa ileile ilisomwa tena, wakati wa kiangazi.

Kiberiti anachekesha watu mwisho wa juma. Siku nyingine zote ni mwalimu wa udereva. Jina alilipata shuleni: alikuwa mdogo, mwembamba, na ukimsugua vibaya anawaka. Nilimkuta kazini, katika gari dogo jeupe lenye kibao cha L juu ya paa. Kwenye usukani alikaa mama mmoja mshonaji, mpana wa mabega, ameushika usukani kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke.

"Shikamoo, mjomba. Ingia nyuma, funga mkanda, usimwongeleshe dereva."

"Marahaba. Nina neno na wewe."

"Sema tu, masikio yangu hayafundishi. Mama, gia ya pili. Ya pili, mama. Hiyo ni ya nne."

"Zote zinafanana!" alilalamika mama.

"Hata wanaume wanafanana, lakini wako humkosei."

Mama alicheka, gari likaruka kidogo, kisha likatulia. Tulikata kona tukaingia barabara inayopanda kuelekea mtoni. Ni barabara nzuri. Pana, ina taa pande zote mbili, mistari imepakwa rangi ikakolea, na haina gari hata moja. Mama aliingiza gia ya tatu, akaingiza ya nne, akaanza kuimba kwa sauti ndogo. Mbele kabisa vilisimama vizuizi vya zege, na nyuma ya vizuizi hakukuwa na kitu ila hewa.

"Breki, mama. Vizuri. Sasa rivasi."

"Kila siku rivasi!" alisema mama. "Mwalimu, siku ya mtihani mimi nitarudi nyuma mpaka nyumbani kwangu."

Wakati gari likirudi kinyumenyume nilimweleza Kiberiti sharti la Katibu. Alisikiliza huku macho yake yakiwa kwenye kioo cha pembeni.

"Nisilitaje tu?"

"Usilitaje."

"Na wewe umeshanidhamini."

"Nimeshakudhamini."

"Bila kuniuliza."

"Nimekuja kukuuliza."

"Mjomba, hii siyo kuuliza, hii ni kutangaza matokeo." Aligusa usukani, akaunyoosha kwa kidole kimoja. "Na nikilitaja, wanakufanya nini?"

Nilimwambia. Alimwongoza mama mpaka gari likarudi kwenye kona.

"Sawa. Sitalitaja, hata nikikabwa. Lakini usiniambie nimsifu kwa kitu ambacho hakipo."

"Msifu kwa kilichopo."

Hapo akacheka. "Umesema mwenyewe, mjomba."

Sikumwuliza anacheka nini. Ahadi yake ilinitosha. Tangu akiwa mtoto hajawahi kuniahidi jambo kisha akalivunja, na ushahidi wa miaka yote hiyo una uzito kuliko wasiwasi wa Katibu.

Siku ya karamu nilifika ukumbini kabla ya wapishi. Meza zilikuwa za duara, vitambaa vimenyooshwa, vipaza sauti vimejaribiwa. Jambo moja tu halikunipendeza. Nyuma ya jukwaa Katibu alikuwa ametundika bango la Meya, lenye ile kauli yake ya uchaguzi kwa herufi kubwa: MBELE BILA KURUDI. Nilimwambia kwamba kwenye karamu ya wenyeji hatutundiki bango letu. Akanijibu kwamba wenyeji hawajalalamika. Ni kweli, hawakulalamika. Walilisoma tu, wakatazamana.

Chakula kilipoondolewa Kiberiti alipanda jukwaani, akakishusha kipaza sauti mpaka usawa wa kidevu chake, akamtazama Meya.

"Mstahiki, kwanza masharubu yako. Nayaheshimu. Ndiyo kitu pekee katika mji huu kinachosafishwa kila asubuhi."

Ukumbi ulicheka. Meya alicheka pia na kuyapapasa masharubu. Ni mtu mnene, mwenye kicheko cha kweli. Nimesimama nyuma ya mameya wasiojua kucheka, kwa hiyo tofauti naijua.

"Halafu ile hotuba yako ya kufungua soko. Niliisikiliza yote. Nilikuwa nimebeba nyanya. Ulipomaliza nilikuwa nimebeba mchuzi."

Katibu, aliyesimama nami kando ya ukuta, aliacha kubofya kalamu. "Yuko vizuri," alininong'oneza.

"Ndiyo."

"Lakini leo," alisema Kiberiti, "sikuja kuchokoza watu. Nimekuja kushukuru. Mimi ni mwalimu wa udereva, na nyinyi wahandisi hamjui taabu ya kumfundisha mtu katika mji wenye magari. Mstahiki aliliona hilo. Akatujengea barabara."

Wahandisi wa meza ya mbele waliweka vikombe chini.

"Na si barabara tu! Pana. Ina taa. Ina mistari mizuri mtu hata anaogopa kuikanyaga. Na gari hakuna. Hakuna! Nimezunguka miji mingi, sijaona serikali inayowapenda wanafunzi wa udereva namna hii. Unamwingiza mwanafunzi pale, anashika gia ya pili. Ya tatu. Ya nne, anaanza hata kuimba. Anapanda, anapanda, upepo wa mto unampiga usoni..." Alinyoosha mkono mbele, macho yakiwa juu kama dereva mwenye furaha. Kisha akasimama ghafla, akakanyaga breki isiyokuwepo, na mwili wote ukarushwa mbele.

Hakusema kitu. Alitazama chini, polepole, kama mtu aliyesimama ukingoni. Akatazama juu, upande wa pili. Akainua mkono kupima tofauti, akasimama kwa vidole vya miguu, bado haufiki.

Kicheko kilianzia meza za nyuma, kikaja mbele.

"Amelitaja?" aliuliza Katibu.

"Bado."

"Analikaribia."

"Barabara yenyewe ndivyo ilivyo. Unalikaribia tu."

"Juzi mwanafunzi wangu akaniuliza," aliendelea Kiberiti. "Mama mtu mzima, ana haki ya kujibiwa. 'Mwalimu, hiki kilichoko hapa mbele yetu kinaitwaje?' Nikafungua mdomo." Aliufungua. Alinitafuta mimi kando ya ukuta, akaniona, akaufunga. Akanywa maji. Akaiweka glasi mezani taratibu, kwa adabu zote. "Nikamwambia, 'Mama, piga rivasi.'"

Wahandisi walipiga meza. Mmoja alivua miwani akajifuta macho kwa kitambaa cha chakula.

"Na ndiyo maana, Mstahiki, madereva waliofuzu kwangu ni hodari. Kwenda mbele kila mtu anajua. Wangu wanajua kurudi." Aligeuka, akalitazama bango nyuma yake kana kwamba ndiyo kwanza analiona, akalisoma bila sauti, neno kwa neno, kisha akainama mbele ya Meya na kushuka.

Sharti lilikuwa limetimizwa. Nilimwonyesha Meya jukwaa kwa mkono, maana ratiba ilisema ni zamu yake, na hotuba yake ilikuwa tayari juu ya meza ya mzungumzaji.

"Ndugu zangu wahandisi," alisoma, "mji wetu unasonga mbele."

Mtu mmoja akaguna. Meza yake ikacheka.

"Tunaongeza kasi, wala hatutazami nyuma..."

"Tumia kioo!" sauti ikatoka gizani, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Hotuba ile aliiandika Katibu. Katika kila aya kulikuwa na mbele, kasi, hatua au safari. Meya aliruka aya moja, akakutana na nyingine ya namna hiyohiyo. Alifunua ukurasa. Kisha akageuka, akalitazama bango kwa muda, akazikunja karatasi.

"Haya," alisema. "Daraja."

Katibu alinishika mkono.

"Daraja litakamilika. Mvua zimetu..."

Katika meza ya katikati mhandisi mmoja mzee aliinua kidole kama mwanafunzi. "Samahani, Mstahiki. Upande upi utashuka?"

"Vipi?"

"Ule wa ng'ambo uko juu. Ama ule ushuke, ama huu wetu uinuke. Umeamuliwa upi?"

Meya alimtazama Katibu. Katibu alinitazama mimi. Mimi nilikitazama kitambaa cha meza, kilikuwa kimenyooka.

"Uko juu kiasi gani?" aliuliza Meya.

Mzee alisimama, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. "Kama mimi. Na viatu."

Hakuna aliyecheka. Meya aliwashukuru wenyeji kwa chakula, akaketi. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kuzipangia muda.

Asubuhi Katibu aliniita tena. Juu ya meza aliweka karatasi nyeupe na kalamu.

"Nasubiri barua, mzee wangu."

"Ya nini? Ulisema mpwa wangu asilitaje. Hakulitaja."

"Alifanya ukumbi mzima ulisikie!"

"Kusikia ni kwao. Aliyelitamka ni mmoja, nawe ulikuwepo. Nitaandika ukitaka, lakini barua bila sababu sijawahi kuandika. Nitaeleza neno lilitamkwa na nani, saa ngapi, na hotuba aliyoiacha iliandikwa na nani. Nakala kwa Mstahiki Meya."

Kalamu ilibofywa mara nyingi. Kabla hajajibu mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Meya aliingia akiwa na shati tu, bila koti.

"Mzee, yule mwalimu wa udereva. Ile barabara yake inapitika kwa gari dogo?"

"Inapitika vizuri sana, Mstahiki."

"Mbona mimi sijapitishwa pale tangu tuweke jiwe la msingi?" Swali hili alimwuliza Katibu.

"Msafara una njia zake, Mstahiki."

"Leo sina msafara. Mzee, mpigie mpwa wako. Panga wewe."

Niliichukua ile karatasi nyeupe mezani, nikaikunja, nikaiweka mfukoni. Karatasi nzuri haitupwi.

Itifaki yetu inasema mgeni rasmi hukaa kiti cha nyuma na msaidizi wake hukaa mbele. Lakini mbele, kando ya dereva, ndipo ilipo breki ya pili, na Kiberiti hamwachii mtu breki ile. Kwenye usukani alikuwa mama mshonaji, kwa sababu somo lilikuwa lake na alikataa kuahirisha. Nilimkalisha Meya nyuma, upande wenye upepo, nami nikakaa upande wa pili. Katikati yetu palikuwa na cherehani ya mama, inapelekwa kwa fundi. Katibu alibaki kwenye ngazi za ofisi akiwa ameshika mkoba wa Meya. Nilimweleza kwa heshima kwamba nafasi zimekwisha.

"Shikamoo, Mstahiki," alisema Kiberiti. "Funga mkanda, usimwongeleshe dereva."

"Marahaba," alisema Meya, akafunga.

Mama aliingiza gia ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuimba, kwa heshima ya mgeni. Tulipofika kwenye vizuizi alikanyaga breki vizuri kabisa, na Meya akafungua mlango, akatembea mpaka kwenye zege, akasimama. Alitazama ng'ambo. Baadaye akaweka kiganja juu ya kichwa chake, kama alivyofanya yule mhandisi.

Mkono wa mama ulikuwa umeshafika kwenye gia. Kiberiti akaushika.

"Leo hapana, mama. Zima injini."

"Hapa?" Mama aliutafuta ufunguo. "Hapa hujanifundisha kuzima."