Maji ya Saa Kumi

Amarjit Singh, fundi seremala, alipima shimo lile la ukutani jikoni mara tatu, upana, urefu na kina, kisha akakunja rula yake ya mbao akacheka peke yake.

"Mama, hii shimo ilikuwa inangoja tu," alimwambia Wamaitha. "Natoa inchi moja hapa juu. Friji itaingia kama mguu ndani ya kiatu."

Wamaitha alitabasamu kwa sababu fundi alitarajia atabasamu. Miaka minne alikuwa amemwomba Mungu friji, tena kwa kuitaja jina, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Sasa imefika, imesimama barazani ndani ya magunia, na yeye moyo haujatulia.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya Njoro, nyumba ya mawe ambayo mlowezi aliwauzia mwaka wa 1967 pamoja na kipande cha shamba. Katika ukuta wa jikoni, upande unaopigwa na upepo, mlowezi alikuwa amejenga kabati la makaa. Lilikuwa fremu ya mbao yenye waya wa kuku ndani na nje, na katikati makaa yaliyoshindiliwa. Juu yake kulikuwa na mfereji wa bati uliotobolewa matundu madogo. Ukimwaga maji mferejini yanadondoka polepole, makaa yanalowa, upepo unapita, na ndani ya kabati baridi inakaa siku nzima. Siagi haiyeyuki, nyama inalala siku mbili.

Lakini maziwa ni kitu kingine. Maziwa ya jioni yalipaswa kungoja hadi asubuhi lori la kiwanda lipite barabarani, na kiangazi cha mwaka huo, 1973, kilikuwa kikali. Mara mbili mwezi wa Januari mtungi wa Wamaitha ulirudishwa umechachuka, mbele ya wanawake wenzake. Aliubeba kichwani mpaka nyumbani bila kuzungumza na mtu.

Ndipo mumewe, Ndung'u, aliyekuwa karani katika stesheni ya reli, akasikia kwamba Dhirajlal, mwenye duka la nguo Nakuru, anahama nchi na anauza vitu vya nyumba yake ya Milimani. Walienda wote wawili. Friji ilikuwa ya kuingizwa ukutani. Mlango wake ulikuwa mweupe unaong'aa, lakini pande zake zilikuwa mabati matupu yasiyopakwa rangi, na chini haikuwa na miguu.

"Hii si ya kuweka sebuleni wageni waone," Dhirajlal aliwaambia. "Hii lazima ijengewe. Mnayo mahali?"

"Tunayo," Ndung'u alijibu haraka, kabla mkewe hajafungua mdomo.

Mahali penyewe palikuwa pa mzee Waithaka, baba yake Ndung'u.

Mzee Waithaka aliingia katika jiko lile mwaka wa 1936 akiwa kijana wa kuosha vyombo, akapanda mpaka akawa mpishi. Kabati la makaa lilikuwa mkononi mwake. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi jioni alijaza debe kutoka kwenye tangi, akalipeleka nje ya ukuta, akapanda kigoda na kumimina. Mlowezi alipoondoka, Ndung'u akawa mwenye nyumba, lakini mzee hakuacha. Hata baada ya mkewe kufariki, akili yake ilipoanza kutawanyika, akawa anatia chumvi kwenye chai na kuulizia watu waliokwisha kuzikwa, maji ya saa kumi hayakumpita. Wamaitha alikuwa akitazama saa ya ukutani kuhakikisha kwamba saa ndiyo iko sawa na mzee.

Siku ya Jumatano Amarjit alilivunja kabati. Makaa meusi ya miaka mingi yalimwagika uani, na mzee Waithaka alikaa kwenye benchi akitazama, mikono juu ya fimbo yake.

"Baba, tunaweka kitu cha umeme," Wamaitha alimwambia. "Hutahangaika tena na debe."

"Vizuri," mzee alisema. "Mikono imechoka." Akamgeukia fundi. "Wewe Singa, hiyo mbao unayotupa ni mtarakwa, haiozi. Ukiitupa wewe ni mjinga."

"Mzee, ndiyo maana natupa karibu na gari yangu," Amarjit alijibu, na wote wawili wakacheka.

Alhamisi friji iliingia. Amarjit alimwita Wamaitha nje akamwonyesha tundu pana aliloliacha ukutani, limefunikwa kwa waya tu.

"Mgongo ya friji lazima ipumue, mama. Ukiziba hapa, mashine inakufa. Na maji isifike hapa hata kidogo. Jumamosi Kemboi anakuja kuunganisha stima. Baada ya hapo, maji na hii kitu hawasalimiani."

Saa kumi siku hiyo Wamaitha alikuwa akikata sukuma wiki. Alisikia maji yakianguka. Hayakuwa maji ya mvua, maana mbingu ilikuwa kavu kama karai. Yalikuwa maji yanayomwagika juu ya bati. Kisha yakatokea chini ya friji, yakatambaa sakafuni hadi kwenye vidole vya miguu yake.

Alikimbia nje. Mzee Waithaka alikuwa juu ya kigoda, debe begani, akimimina polepole ndani ya lile tundu kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi.

"Baba, shuka."

"Makaa yamekauka sana," mzee alisema bila kugeuka. "Leo yanakunywa."

Mke wa mwana hamshiki baba mkwe mwilini, hata akiwa anaanguka. Wamaitha alipiga magoti akakishika kigoda kwa mikono miwili, akakikazia pale chini, mpaka debe likaisha na mzee akashuka mwenyewe.

Hakumwambia Ndung'u. Alipiga deki, akakausha mgongo wa friji kwa shuka, akajiambia ni mara moja tu. Kesho yake asubuhi alimweleza mzee kila kitu, polepole, akimwonyesha waya mweusi uliokuwa ukingoja fundi wa umeme. Mzee alisikiliza vizuri. Akauliza maswali ya mtu mwenye akili zake.

"Kwa hiyo maji yakikutana na umeme, mtu anakufa?"

"Anakufa, baba."

"Basi mbona unaniambia kama mtoto? Nimeelewa." Akamcheka kidogo.

Wamaitha alilificha debe chini ya kitanda chake. Saa kumi mzee alipanda kigoda na sufuria ya ugali.

Jioni hiyo alipokuwa akikamua, aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe akajaribu kuomba. Maneno hayakuja. Lililokuja ni wazo la Kinangop, alikokuwa akiishi dada ya mzee Waithaka, mjane aliyekuwa amekwisha kusema kwamba ana chumba. Wamaitha aliona jiko lake bila mzee, friji inanguruma, maziwa baridi, mtungi haurudi. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja alifurahi. Halafu akaogopa furaha ile.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, na ng'ombe akageuza sikio, "umeuona moyo wangu. Usiuache hivi."

Wakati wa chakula alimweleza mumewe. Ndung'u aliweka kijiko chini.

"Si umwambie asimwage?"

"Nimemwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema ameelewa. Akamwaga."

"Basi tufunge geti la nyuma."

"Ng'ombe ninawapitishia wapi?"

"Tuzibe hilo tundu kwa bati."

"Singh anasema friji itakufa."

Ndung'u alitazama sahani yake. "Shangazi alisema ana chumba."

Wamaitha alijua atalisema neno hilo. Alikuwa amelisema mwenyewe zizini, kimoyomoyo, kabla yake. Kwa hiyo hakupata nguvu ya kumkatalia. Alisema tu, "Kinangop ni baridi," na hata yeye alisikia jinsi lilivyokuwa neno dogo.

"Ni mpaka mvua inyeshe. Nitamwambia asubuhi. Wewe uliililia hii friji miaka minne, Wamaitha. Usinifanye mimi ndiye mbaya."

Jumamosi Kemboi alifika mapema na baiskeli yake, koili ya waya imening'inia begani. Amarjit naye alikuja kumalizia fremu ya mbao kuizunguka friji. Walikuwa wakitaniana jikoni juu ya nani kati yao hula zaidi kwenye nyumba za watu, Wamaitha akichemsha chai, aliposikia sauti ya mzee Waithaka barazani ikizungumza Kiswahili.

Hilo lilimsimamisha. Mzee na mwanawe hawakuzungumza Kiswahili. Walizungumza Kikikuyu tangu Ndung'u azaliwe. Na hiki hakikuwa Kiswahili cha sokoni. Kilikuwa kile kifupi cha jikoni, cha kuongea na Wazungu.

"Bwana, mimi nasikia. Kazi nakwisha. Hapana makosa."

Wamaitha alifika mlangoni. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia ameishika kifuani. Miguuni pake kulikuwa na mfuko aliokwisha kufunga kwa kamba. Ndung'u alisimama mbele yake katika sare ya stesheni, vifungo vinang'aa, uso hauna damu.

"Baba, ni mimi. Nilisema unaenda kumtembelea shangazi."

"Ndiyo, bwana. Mimi nataka barua tu. Bwana naandika, Waithaka nafanya kazi mzuri. Hapana vunja sahani. Hapana iba sukari. Kila siku natia maji kwa makaa, hata siku watoto yangu nagonjwa. Bwana naandika hiyo, mimi napata kazi kwa Mzungu ingine."

"Baba," Ndung'u alisema tena, kwa Kikikuyu. Mzee alimtazama kwa heshima, kama mtu asiyejua lugha ile, akangoja barua yake.

Jikoni vicheko vilikuwa vimekoma. Ndung'u alipita kando ya mkewe akaingia ndani. Alisimama mbele ya mlango mweupe wa friji, mgongo kwao wote, na mabega yake yakawa yanapanda na kushuka.

Wamaitha alimgeukia Kemboi, ambaye alikuwa ameshika ncha ya waya.

"Usiunganishe," alisema. "Singh, nakuomba uitoe."

Amarjit alitazama friji, akatazama kazi yake ya siku tatu. Hakubisha. "Nitaweka kwa karakana yangu, mama. Haili chakula yangu. Siku ukitaka, iko."

"Na lile kabati unaweza kulirudisha?"

"Mbao iko. Waya iko. Makaa je?"

Makaa yalikuwa bado uani, lakini si yote. Tangu Jumatano Wamaitha alikuwa akiyachoma kwenye jiko kupikia mafundi. Alichukua gunia akatoka, akapiga magoti pale uani akaanza kuokota, makubwa na madogo, mpaka kucha zikawa nyeusi. Alikuwa akiomba, lakini si kwa maneno ya kupanga. Alikuwa akisema samahani, na hakuwa na hakika anamwambia Mungu au nani.

Kufikia saa nane fremu ilikuwa imerudi mahali pake, imejaa hadi nusu. Friji ilikuwa imelala chali kwenye gari la Amarjit, mabati yake matupu juani. Jioni hiyo maziwa yatachachuka, Wamaitha alijua, na kesho yake pia. Huenda mpaka mvua. Atampa ndama.

Alichukua debe chini ya kitanda, akalipeleka barazani na kuliweka pale mzee alipokuwa amesimama asubuhi. Mzee hakuwapo. Alitazama huku na huku, kisha akamwona getini, ameketi juu ya mfuko wake kando ya barabara, kofia kichwani.

Alimwendea.

"Baba, rudi nyumbani. Tumerudisha makaa."

Mzee aliinua macho, mapole kabisa, yasiyomjua. "Salama, mama. Unafanya kazi hapa?"

"Nafanya."

"Hapa wanaandika watu? Mimi nilifutwa kwa nyumba moja leo asubuhi. Hata barua sikupewa."

Wamaitha alitaka kusema ndiyo, wanaandika, ingia. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini alijua halikuwa lake. Alirudi jikoni, ambako Ndung'u alikuwa bado amesimama, sasa mbele ya makaa, sare yake imechafuka mikononi, maana alikuwa amemsaidia Amarjit kushindilia bila kuambiwa.

"Anangoja kazi," alimwambia.

"Mwambie arudi ndani."

"Mimi siye niliyemfuta."

Ndung'u alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikamtoka, pakabaki mtu aliyechoka. "Nikimwambia nini? Nimwandike baba yangu kazi?"

"Sijui utamwambia nini. Lakini saa kumi inakaribia na yuko barabarani."

Alitoka. Wamaitha alimfuata kwa macho kutoka dirishani, akipita uani, akipita tangi la maji, mwendo wake mfupi kama wa mtoto aliyeitwa. Hakuweza kusikia walichosema. Aliona mumewe akiinama, akisema, akingoja. Aliona mzee Waithaka akisimama upesi kutoka kwenye mfuko, akivua kofia mbele ya mwanawe na kuinamisha kichwa cheupe mara mbili, tatu, kwa shukrani.

Wamaitha aligeuza uso. Kuna mambo mke wa mwana hapaswi kuyaona. Nyuma yake Amarjit alikuwa akikusanya misumari kimya kimya, na Kemboi akikunja waya wake.