Kasuku Aliyejazwa Sufi

Mjukuu wangu Muzdalifa alijifunza mwenyewe kukausha ndege, kwa kutazama video kwenye simu. Alianza na njiwa waliokufa. Humchuna ngozi pamoja na manyoya yake, akaisugua chumvi, akaijaza sufi na kuishona, njiwa akasimama kama aliye hai. Mimi nilimtaka jambo moja tu, afanyie kazi yake uani na wembe wake asiuingize jikoni. Mzoga ni mzoga.

Kasuku wa Bi Biasha wa Bububu alipokufa, aliletwa kwetu Mlandege amefungwa kwenye kanga. Alikuwa wa marehemu mumewe, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akimwita Bi Biasha kwa sauti ya yule bwana.

"Sauti ndiyo ishakwenda, mwanangu," Bi Biasha alimwambia Muzdalifa. "Nirejeshee sura yake tu."

Muzdalifa alichuna polepole, wala ngozi haikuchanika. Kosa lilikuja kwenye kujaza. Mto wa kulalia tunaoujaza sufi hapa nyumbani hushindiliwa mpaka uwe mgumu, maana sufi hulala ikabonyea baadaye. Muzdalifa naye akamshindilia kasuku vivyo hivyo. Ngozi ilipokauka, kasuku alikuwa mnene kama kuku wa mayai, shingo hana.

Bi Biasha alipokuja kumchukua, alimgeuza huku na huku.

"Huyu nani?"

"Ndiye yeye, Bibi."

"Siye. Huyu kala futari ya mtaa mzima."

Nilicheka, kisha nikamwona Muzdalifa machozi yanamtoka. Ngozi ishatanuka, akasema, na nyengine hakuna.

Bi Biasha akavua buibui lake, akakaa mkekani.

"Usilie. Lete wembe tumfungue. Mimi ntakwambia alivyokuwa, wewe utoe."

Wakailowesha ngozi kwa kitambaa cha maji, wakafumua uzi. Sufi ikatoka konzi kwa konzi.

"Kifuani bado. Bega hili alikuwa akilishusha akisikia mlango. Hapo. Hapo hapo."

Hakumwita mtoto mzembe hata mara moja.

Shingoni ngozi ilizidi, ikabaki na makunyanzi. Muzdalifa akataka kuyavuta kwa pini.

"Yaache," alisema Bi Biasha. "Mwenyewe alikuwa nayo."

"Kasuku?" niliuliza.

"Mume wangu."

Ndege ilibidi akauke upya. Bi Biasha hakutaka kurudi Bububu amwache ndege wake, nikamtandikia alale kitanda cha Muzdalifa.