Daktari Ni Mkwe

Mtaani watu walimwonea mdogo wangu wivu. "Mama Cherehani, wewe umeula! Mkweo ndiye daktari wa kituo cha afya, ugonjwa utakupata wapi?" Naye alicheka tu, akaendelea kukanyaga cherehani yake. Lakini mimi, dada yake muuza mkaa, ninayelala naye chumba kimoja tangu tulipofiwa na waume zetu, nilijua kwamba pale kitini amekalia vitambaa, na vitambaa vina damu.

Damu, kwa mwanamke mwenye wajukuu! Niligundua siku nilipotafuta kitambaa cha kuepulia sufuria, nikakuta kapu lake la vipande vya nguo li tupu. Nikaenda kwenye kamba. Kumbe kavianika chini ya shuka, visionekane.

"Nenda ukatibiwe," nikamwambia.

"Kwa nani, dada? Nikamvulie nguo mume wa mwanangu?"

"Basi mwambie binti yako."

"Nikimwambia yeye nimemwambia mumewe. Wanalala kitanda kimoja wale."

Hospitali kubwa nako hawakupokei bila barua ya kituo, na kituo kizima daktari ni mmoja, huyo huyo mkwe. Akaniapisha kwa kaburi la mama yetu nisimwambie mtu. Nami, mjinga wa mwisho, nikaapa.

Si kwamba hakwenda. Kwenda alikwenda, kila nilipomsukuma. Mkwe akimwona tu kwenye benchi hutoka mwenyewe, akamwinamia, akampitisha mbele ya watu wote.

"Shikamoo mama. Leo tunasumbuliwa na nini?"

"Magoti, baba."

Magoti! Anapewa dawa ya kuchua, anarudi nayo. Dirisha letu lilijaa dawa za kuchua, na magoti yenyewe mazima, angeweza kuruka kamba.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia siku moja kwa hasira.

"Afadhali kiniumbue nikiwa nimefunikwa," akanijibu.

Akakonda. Kukanyaga cherehani kukamshinda, nguo za watu zikalala nusu nusu na pini zake. Siku alipoinuka kitini akaanguka, nikasema mama atanisamehe huko aliko, na asiponisamehe basi. Nikampakia kwenye mkokoteni wangu wa mkaa hadi kituoni, tukaingizwa chumba cha daktari.

"Magoti, baba," akaanza, midomo imempauka.

"Magoti gani!" nikapiga kelele. "Anatokwa damu huyu! Huko chini, tangu mvua zilizopita! Mdogo wangu anakufa, na wewe unamchua magoti!"

Mdogo wangu akajifunika uso kwa mtandio. Mkwe naye hakuinua kichwa. Aliandika barua, akaita gari, akapanda nasi.

Daktari wa hospitali kubwa alikuwa mwanamke wa makamo. Alimpima kwa upole, mlango umefungwa, akatoka nje akatuuliza mlikuwa wapi siku zote hizi. Ugonjwa ulikuwa umeshaenea. Upasuaji haufai tena, akasema, tutampa dawa za kupunguza maumivu. Jamani, nililia mpaka sauti ikakauka.

Mkwe nilimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta. Nikamwonea huruma.

"Usijilaumu, baba. Hukuambiwa."

"Nilijua, mama mkubwa."

"Ulijua nini?"

"Siku ya kwanza kabisa, alipoinuka, kiti kilikuwa na damu. Nikakifuta mwenyewe, nesi asije akaona." Akaanza kulia. "Nikajiuliza, nitamuulizaje mama yangu jambo kama lile? Nikasema nisubiri, atasema mwenyewe. Kila alipokuja nilisubiri."

Nilitamani kumzaba kofi. Heshima! Heshima gani hii ya kutuzikia mtu? Lakini mkono haukunyanyuka. Tukaingia wodini pamoja.

Mdogo wangu aliposikia viatu vya mkwewe alivuta shuka hadi shingoni, akajitahidi kutabasamu.

"Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba, baba. Sijambo. Ni haya magoti tu."

Nikamtazama mkwe. Nikamwomba Mungu amfungue kinywa, walau mara moja, walau leo.

"Pole mama," akasema, macho sakafuni. "Nitakuletea ile ya kuchua."