Peasi la Shangazi Okbun

Kibok alipokufa kampuni ilisema ni sigara. Kibok hakuvuta sigara maisha yake yote. Nikaenda kusimama mbele ya ofisi ya mgodi, nikawapigia kelele mchana kutwa. Niliporudi msibani jioni nilifungua mdomo, ukatoka upepo mtupu.

Hilo lilikuwa balaa. Bondeni kwetu wabeba jeneza hawainui mguu mpaka mwimbishaji atikise kengele na kuita. Yeye huita, wao huitikia, hatua zikawa moja. Mwimbishaji ni mimi. Nisipoimba, lori la kampuni lingemchukua Kibok kimyakimya kwa njia ya mtoni, kama lilivyowachukua wachimbaji wenzake, Changsu na baba wa Yeonhwa. Sijasahau hata mmoja wao. Sisi tulitaka jeneza lisimame langoni pa mgodi, marehemu aage.

Jikoni wanawake walinivamia.

"Mpeni yai bichi na mafuta ya ufuta," alisema Sunrye, mjane wa Kibok.

"Yai la nini? Kwani anataka kutaga?" Shangazi Okbun alimsogeza. Alichimba moyo wa peasi kubwa, akajaza asali, tangawizi na mizizi michungu ya mlimani, akalipika kwa mvuke. "Kula. Na dawa yenyewe ni hii: funga hilo domo mpaka kesho. Hata kunong'ona marufuku, nitakuchapa mwiko!"

Mimi, ninyamaze! Afadhali angeniambia nisipumue.

Ndipo akaingia meneja wa mgodi, Chae. Aliinamia picha ya marehemu, kisha akaketi kando yangu.

"Pole, kaka Pansul. Kibok alikuwa mtu mwema. Ila sigara, bwana!"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nyuma yake Shangazi aliinua mwiko. Nikajaza peasi mdomoni.

"Basi kesho mpite njia ya mtoni, tusisumbuane. Kama unapinga, sema."

Nilitafuna.

"Umekuwa mtu mzima sasa," alisema, akanipigapiga begani. "Walinzi wangu wote watakuwa huko mtoni, wawasaidie."

Asubuhi sauti ilirudi, nzito, yenye mikwaruzo, ile hasa wazee wetu wanayoipenda. Nikatikisa kengele, tukaenda moja kwa moja langoni. Lango lilikuwa wazi, bila mlinzi hata mmoja, na zamu ya usiku ndiyo kwanza inatoka, nyuso nyeusi tii kwa makaa.

"Kibok, nani amekula mapafu yako?" niliita.

"Ee-ho, ee-ho!" waliitikia wabeba jeneza, na wale wa zamu wakaitikia pamoja nao.

Chae alikuja mbio, tai imepinda.

"Kaka Pansul! Jana si tulikubaliana?"

"Mwenzako alikuwa na peasi mdomoni," Shangazi Okbun alimjibu. "Ulikubaliana na peasi."

Watu walicheka mpaka jeneza likayumba. Mimi sikucheka. Nilishusha kengele. Mwimbishaji akishusha kengele hakuna anayesogea, na tulikuwa tumesimama katikati ya barabara ya malori ya makaa.

"Inama umuage," nilimwambia. "Halafu useme kilichomwua."

Malori yalipiga honi nyuma yetu. Chae alitazama zile nyuso nyeusi, akavua kofia, akainama.

"Vumbi," alisema.

"Shangazi, mletee huyu peasi. Hasikiki."

"Vumbi!" alipaza sauti. "Ni vumbi la mgodi!"

Sunrye aliinua kichwa. Nami nikatikisa kengele.