Dakika Ishirini Bila Kwenda Popote

Kila asubuhi kabla ya chai, Baba hupiga magoti kando ya baiskeli na kubonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba, halafu ya nyuma. Ikiwa imelegea, huongeza upepo. Ikiwa iko sawa, huipiga kikofi na kusema, "Mama, twende." Huniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake, Apondi. Kisha mimi hupanda baiskeli, naye hukaa nyuma ya bodaboda ya Mutie, jirani yetu, akanifuata Barabara ya Kangundo akisema, "Kanyaga, kanyaga," mpaka koo limkauke.

Jumamosi hiyo kidole kilikuwa bado kwenye tairi ya mbele lango la ploti tunamopanga lilipogongwa. Mutie alifungua. Akaingia mwanamume mrefu mwenye miwani, begi mgongoni, na mkononi chuma kizito chenye miguu.

"Naitwa Nalianya," alisema. "Yule kocha."

Baba aliinuka akipangusa mikono kwenye suruali. Hakushangaa. Niliyeshangaa ni mimi.

Tangu Krismasi alikuwa akizungumzia kocha. Mtu alimwambia kwamba siku hizi waendeshaji wazuri hawafundishwi kwa kelele. Hufungiwa kifaa kwenye pedeli, kikapima nguvu za miguu kwa wati, na kocha hupanga mazoezi kwa nambari hizo. Malipo yangetoka kwenye kiinua mgongo chake, baada ya miaka yote aliyokuwa tarishi wa kaunti. Kila aliponiuliza maoni yangu, nilijibu, "Tutaona." Ukimwambia Baba "tutaona," husikia "ndiyo."

Jambo ambalo sikumwambia ni hili. Nina diploma ya kufundisha watoto wadogo, na Alhamisi mwalimu mkuu wa chekechea moja ya mtaa wa Lucky Summer alinipigia simu. Nafasi ilikuwepo. Alitaka jibu kabla ya adhuhuri ya Jumamosi hiyo hiyo. Watoto huanza kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati ambao mimi huwa barabarani na Mutie nyuma yangu.

Na baiskeli yenyewe si yangu. Ilikuwa ya kaka yangu, Frankline. Miaka miwili iliyopita alitoka nayo alfajiri kana kwamba anaenda mazoezini, akaifunga kwa mnyororo hapo langoni, akaenda uwanja wa ndege. Sasa ni mlinzi huko Qatar na hapokei simu za Baba. Baba alichukua spana, akashusha kiti hadi kimo changu.

Kwa hiyo nilipokiona kile chuma nilipata nafuu kidogo. Nilijua la kufanya. Ningekanyaga kivivu, nambari ingetoka ndogo, kocha angesema huyu hana kitu, na Baba angeambiwa na mashine kile ambacho mimi nilishindwa kumwambia.

Nalianya alifunga gurudumu la nyuma kwenye kile chuma ili lizunguke papo hapo, akabadilisha pedeli, akasimamisha simu yake mbele ya usukani. Majirani walikuwa wameanza kutoka. Koki, anayekaa chumba cha pili, aliburuta beseni lake la nguo karibu ili asipitwe.

"Baba Frankline," aliita, "leo mmeifunga baiskeli kabisa? Mnaogopa na huyu asiende na ndege?"

Watu walicheka. Baba alitabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Ni dakika ishirini," Nalianya aliniambia. "Toa nguvu zako zote, lakini uzigawe, usizimalize mwanzoni. Na wewe, mzee, nakuomba usiseme kitu. Nataka kumwona yeye."

Nilianza. Gurudumu lilinguruma na ukuta ule ule ukabaki mbele yangu. Nilikanyaga kama mtu anayetumwa dukani asikotaka kwenda. Nalianya alitazama simu, akanitazama, akatazama simu tena.

"Niaje, Apondi," Mutie alisema, "unasaga mahindi ama?"

"Hiyo ni mwendo ya kupeleka mtoto kliniki," Koki akaongeza. "Baba Frankline, uliniambia huyu ni moto."

Baba alikuwa amekatazwa kusema. Alisimama ameshika chupa yangu ya maji kwa mikono miwili, kola ya shati lake la kanisani imefungwa hadi juu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba alikuwa amevaa shati la kanisani. Alimgeukia Koki na kusema kwa sauti ya chini, "Ngoja kidogo. Huyu huchelewa kuwaka." Halafu akageuka akatazama ukutani, ili asione nambari na sisi tusimwone uso.

Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoijua.

Nikakanyaga. Sikupanga, miguu ilienda tu. Nilikanyaga mpaka jasho likanifumba macho, mpaka Koki akaacha kufua, mpaka nikasikia Mutie akisema "woi" polepole. Nalianya aliposema basi, nilianguka kifua juu ya usukani.

Alivua miwani. "Nusu ya mwisho, wati mia mbili na thelathini. Mzee, mtoto huyu ana kitu."

"Niliwaambia," Baba alisema. Alinimwagia maji kichwani akicheka. "Koki, si nilikwambia? Kocha, tunaanza lini?"

"Jumatatu, saa kumi na mbili. Nitataka misimu miwili ya mashindano, mazoezi kila asubuhi." Nalianya alinigeukia. "Lakini yeye sijamsikia. Apondi, unataka?"

"Anataka," Baba alisema.

Simu yangu ilitetemeka dirishani. Nilijua ni yule mwalimu mkuu.

"Sitaki," nilisema.

"Amechoka. Mwacheni apumue."

"Sijachoka, Baba. Nimepata kazi ya ualimu Lucky Summer. Nataka kuanza Jumatatu."

Baba alifunga kifuniko cha chupa, akakikaza, akaendelea kukikaza.

"Frankline angalau hakunifanyia hivi mbele ya watu," alisema. Lilikuwa jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake kwa miaka miwili. "Na hiyo nambari? Si ni yako?"

"Ni yangu."

"Nani alikulazimisha kukanyaga? Mimi nilikuwa nimenyamaza. Niambie, Mama. Ulikanyagia nini?"

Nilishuka. Nikaegemea kile kiti cha Frankline.

"Nilikuonea huruma," nilimwambia. "Leo, na asubuhi zote hizi. Nimekuwa nikikuonea huruma, Baba."